Moto Mmoja, Madhehebu Mawili

Basilika ya Wakatoliki pale Namugongo inasimama juu ya nguzo 22 za shaba. Kila nguzo ni ya shahidi mmoja kati ya wale 22 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Nguzo zile ni nzuri, na jengo lenyewe, lililochukua umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, ni fahari ya nchi yetu. Lakini vijana waliouawa na Kabaka Mwanga kwa sababu ya imani ya Kikristo hawakuwa 22. Waanglikana wana orodha yao yenye majina 23, na mahali pao pa kumbukumbu papo hapo Namugongo, mwendo wa miguu tu kutoka kwenye basilika. Ukijumlisha ni majina 45. Jengo la nguzo 45 halijajengwa na yeyote.

Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika huko kutoka Uganda yote, na wengine hutembea kwa siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wakifika, njia zao hugawanyika. Huku kuna askofu wetu, kule kuna askofu wao. Huku kipaza sauti chetu, kule chao. Na katika mahubiri ya pande zote mbili hutasikia kukosekana neno umoja. Tunaombwa tuwe wamoja, tunakumbushwa sala ya Bwana Yesu katika Yohana sura ya 17, tunasema amina, kisha tunapanda mabasi mawili tofauti kurudi kijiji kimoja.

Mimi nadai kwamba mwito huu wa umoja, kwa jinsi unavyotolewa nchini kwetu, ni mwito mtupu. Hauna gharama kwa anayeutoa. Tena unapotosha, kwa sababu unatufanya tudhani kwamba kilichotutenga ni mafundisho ya imani, jambo zito la wanateolojia ambalo sisi wengine hatuna la kufanya juu yake ila kusubiri. Historia ya Uganda inasema vingine.

Tuanze na waliokufa. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Ni nani kule kasri aliyethubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea kumuua mgeni bila hata kumsikiliza? Alikuwa Yozefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mkuu wa watumishi wa Kabaka. Hilo likawa moja ya makosa yaliyompeleka kwenye kifo tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Shahidi wa kwanza wa Wakatoliki wa Uganda alijitia hatarini kwa kumtetea askofu wa Waprotestanti, mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Hakuuliza kwanza kama upadrisho wa Hannington ulikuwa halali. Na Juni iliyofuata, walipofungwa kamba na kuswagwa kuelekea Namugongo, akina Karoli Lwanga walikwenda pamoja na Waprotestanti. Wachomaji hawakutenga kuni za Roma na kuni za Canterbury.

Wakati huo wafuasi wa Kristo, na Waislamu vilevile, waliitwa kwa jina moja: abasomi, yaani wasomi. Katika Kiganda neno kusoma hadi leo lina maana mbili, kusoma kitabu na kusali. Nalipenda jina hilo kuliko majina yote tuliyopata baadaye.

Je, hawakujua kwamba wamisionari wao wanagombana? Walijua sana. Alexander Mackay alifika kwa Mutesa mwaka 1878, na padre Siméon Lourdel wa White Fathers akafika mapema mwaka uliofuata. Haukupita muda mrefu wakashindana mbele ya Kabaka na baraza lake lote, Lourdel akisema kwa mchanganyiko wa lugha, Kiswahili kikiwemo, kwamba Waprotestanti wanafundisha uongo. (Basi na lugha yetu nayo imebeba magomvi hayo, tusijifanye tumenawa mikono.) Mutesa, ambaye hakuwa mjinga, alistaajabu na kuuliza atajuaje ukweli uko wapi ikiwa kila taifa la Wazungu linakuja na dini yake. Mpaka leo swali hilo halijajibiwa vizuri. Wasomi lakini walipoteswa waliteseka pamoja, na walipofukuzwa mwaka 1888 walikimbilia Ankole pamoja. Kule uhamishoni Waprotestanti walipigana chini ya Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Alipokufa vitani, Wakatoliki wakapigana chini ya Apolo Kaggwa, Mprotestanti. Huo ndio ulikuwa umoja wa Wakristo wa Uganda, na ulikuwapo bila kamati.

Uliharibika lini? Uliharibika waliposhinda. Mwaka 1890 walirudi Mengo na Mwanga wao, na kazi ya kwanza ikawa kugawana vyeo: cheo hiki cha Mkatoliki, kinachofuata cha Mprotestanti, hivyo hivyo kwa zamu hadi chini. Na katika Buganda cheo ni ardhi, na ardhi ni watu. Likazuka swali kubwa la miaka ile, ambalo halikuhusu Ekaristi wala Bikira Maria. Swali lilikuwa hili: chifu akihama kutoka dini moja kwenda nyingine, je, anaacha cheo chake na mashamba yake nyuma? Upande uliotarajia kupata watu kwa kuhama kwao ulisema hapana. Upande uliohofia kupoteza watu ulisema ndiyo. Hapo dhamiri ya mtu ikafungwa kamba kwenye mgomba wake. Hakuna mzozo wa theolojia uliowahi kufanya kazi hiyo barabara kiasi hicho.

Kilichofuata tumekisoma katika vitabu vya shule, ingawa kwa haraka, kana kwamba walimu wanaona aibu. Vyama viwili viliitwa Wangereza na Wafaransa, majina ya mataifa ya wamisionari, si ya mafundisho. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwapa Waprotestanti bunduki na kutumia mizinga yake ya Maxim. Misheni ya Rubaga ilichomwa, Mwanga akakimbia, Wakatoliki wakaangushwa na baadaye kupewa Buddu kama sehemu yao. Mashahidi wa Namugongo walikuwa hawajatimiza miaka sita kaburini. Waliookoka moto ule walikuwa sasa wanalengana bunduki.

Wenzangu wengine watasema hayo ni ya kale. Hayajawa ya kale. Mkataba wa 1900 uliweka ugawaji huo katika karatasi na mihuri: kaunti nyingi kwa machifu Waprotestanti, nyingine kwa Wakatoliki, Waislamu wakaachiwa kipande, na misheni zenyewe zikapata maili 92 za mraba za ardhi. Kampala ikawa mji wa vilima vya dini. Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki, na Nsambya kwa Wakatoliki tena, wale wa Mill Hill, walioletwa ili watu waone kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa Mfaransa. Kila upande na hospitali yake, kila upande na shule zake: Budo huku, Namilyango na Kisubi kule. Sisemi shule hizo ni mbaya. Zimetupa madaktari, wanasheria na baadhi ya wahadhiri wanaosoma insha hii. Nasema zililea vizazi ambavyo kijana aliweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza sekondari bila kukaa dawati moja na Mkristo wa upande wa pili.

Kisha siasa. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, alikosa ukatikiro wa Buganda, na Wakatoliki wengi hawakuwa na shaka sababu ni nini. Chama cha Democratic Party, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka uliotangulia, kikawa kimbilio lao, na wapinzani wake wakasema herufi D na P maana yake ni Dini ya Papa. Hiyo huenda ndiyo methali ya Kiswahili iliyoenea zaidi Uganda, na tazama ilitumika kwa kazi gani.

Ukitaka kuona ukuta huo bila kutoka chumbani, tazama majina. Katika orodha ya Wakatoliki yumo Yozefu Balikuddembe. Katika orodha ya Waanglikana yumo Yusufu Lugalama. Kwa Wakatoliki kuna Nowa Mawaggali. Kwa Waanglikana kuna Nuwa Sserwanga. Yusufu ni yuleyule wa Mwanzo, na Nuhu ni yuleyule wa safina, ila kila misheni ilimpa tahajia yake, na sasa Mganda akikutajia jina lake la ubatizo umeshajua anasali wapi, na pengine bibi yake alipigia kura chama gani. Hata jina la Mwokozi katika Kiganda limegawanywa: Yezu Kristu kwa hawa, Yesu Kristo kwa wale. Sisi wa Kiswahili tusicheke, maana nasi tuna Kristo na Kristu, na mwanafunzi akiandika Kristu katika insha kuna mhadhiri atakayempigia mstari mwekundu akidhani amekosea tahajia, kumbe kijana ameandika imani yake.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, kwani wapo na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

Wa kwanza atasema: ndugu, ukweli hauwezi kuuzwa kwa bei ya amani. Kati yetu kuna tofauti za kweli. Kuna mamlaka ya Papa. Kuna suala la padre ni nani, tangu Leo wa Kumi na Tatu alipotamka mwaka 1896 kwamba madaraja ya Waanglikana ni batili. Kuna wanawake wanaowekewa mikono katika Kanisa la Uganda, jambo ambalo Roma haikubali. Nakubali yote hayo, na wala sidai tukusanyike Jumapili ijayo kwenye meza moja kana kwamba hakuna lililotokea. Anayesema tofauti hizo ni upuuzi hajazisoma. Lakini huyu mpinzani wangu naye akubali upande wa pili wa rekodi. Ugomvi ulioipasua Ulaya, ule wa mtu kuhesabiwa haki kwa imani, ulitiwa sahihi ya pamoja na Walutheri na Wakatoliki kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006, na Waanglikana wakaunga mkono baadaye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya tarehe 21 Novemba 1964, ulikiri kwamba waliobatizwa kwa halali nje ya Kanisa Katoliki ni ndugu katika Bwana. Angalia tarehe: ni mwezi mmoja tu na siku chache baada ya mashahidi 22 kutangazwa watakatifu. Paulo wa Sita alipokuja mwaka 1969 alikwenda mpaka mahali pa Waanglikana pale Namugongo. Papa Fransisko alifanya vivyo hivyo mwaka 2015.

Basi ikiwa Papa wawili wamevuka njia hiyo, kwa nini mhujaji wa kawaida wa Masaka au wa Mukono havuki? Kwa sababu hakuna aliyemwambia anaweza. Karatasi ya 1999 haijafika kijijini. Nimewauliza wanafunzi wenzangu wa madhehebu yote mawili, watu wenye vyeti vizuri, na wengi hawajawahi kuisikia. Ya 1892 lakini imefika, bila kuandikwa, kwa njia ya bibi na babu.

Chukua ndoa, maana ndipo penye machozi. Kijana Mwanglikana anampenda binti Mkatoliki. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inataka kibali, na inamtaka yule Mkatoliki aahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe Ukatoliki. Mwenzake anaarifiwa tu, halazimishwi kuahidi wala kuhama. Hiyo ndiyo sheria. Desturi ya nyumbani ni nyingine kabisa: wazee wa pande zote wanakaa, wanakunywa chai, wanatabasamu, kisha swali linatolewa kwa upole kama wembe: nani atahama? Na aghalabu anayehama ni msichana. Anabatizwa au anapewa kipaimara upya moyoni mwa jamaa asiowajua, na mama yake anakaa benchi la nyuma siku ya harusi. Hapo hakuna aliyetafuta ukweli wa Mungu. Wametafuta idadi. Ni swali lilelile la 1890, chifu akihama anaacha nini, ila safari hii shamba ni mtoto wa mtu.

Mpinzani wa pili ni mlokole, na huyu huongea kwa uchangamfu. Yeye hana dhehebu, asema. Amempokea Yesu, na mambo ya Roma na Canterbury ameyaacha kwa wazee. Ningependa kumwamini. Uamsho wa walokole wa miaka ya 1930, uliotoka Gahini Rwanda na kuenea nchini mwetu, ulivunja kuta nyingi za kabila na cheo, na wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono walikubali kufukuzwa mwaka 1941 kuliko kunyamaza. Hao nawavulia kofia. Lakini kanisa jipya lisilo na dhehebu, lenye mchungaji mmoja, akaunti moja ya benki, na mahubiri yanayoanza kwa kuwataja Wakatoliki kuwa waabudu sanamu, hilo nalo ni dhehebu. Tofauti ni kwamba halijapata muda wa kuandika historia yake.

Wa tatu ndiye ananichosha. Huyu husema: kwani tuna shida gani? Tuna Baraza la Pamoja la Wakristo tangu 1963, Waorthodoksi wameingia 1966, maaskofu hupigwa picha pamoja na hutoa matamko kuhusu uchaguzi. Ni kweli, na matamko hayo yamesaidia nyakati ngumu. Ila kuna methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Hawa wetu hawagombani siku hizi, wala hawajapatana. Kwa hiyo tuko shambani na jembe na kikapu vyote mkononi, hatujui tufanye lipi. Wakati wa uteuzi wa mwalimu mkuu katika shule iliyoanzishwa na misheni, shule ambayo Serikali ndiyo inalipa mishahara, sikiliza mazungumzo ya chini kwa chini, utajua kama wamepatana.

Na watesi wetu wameendelea kutufundisha somo ambalo hatutaki kulishika. Idi Amin alimchukua Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, kutoka Mahakama Kuu mwaka 1972. Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa mwaka uliofuata. Tarehe 16 Februari 1977 alimuua Janani Luwum, askofu mkuu wa Waanglikana. Kama Mwanga, Amin hakuuliza tahajia ya jina la ubatizo.

Nafahamu kwamba wanafunzi hawawezi kuandika sheria za ndoa wala kumteua askofu. Lakini kilima cha Makerere kina makanisa mawili, la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana na la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na anayesali katika moja anaweza kumaliza shahada yake bila kukanyaga ndani ya jingine. Hakuna maili 92 za ardhi zinazotegemea jambo hilo. Hakuna ukatikiro. Ni mazoea tu tuliyorithi, na mazoea ya wanafunzi yanaweza kubadilika ndani ya muhula mmoja.

Tena sisi wa Kiswahili tuna mfano wetu. Askofu Tucker alimpinga Mackay juu ya lugha hii, akiihofia kwa sababu ya Uislamu; na hata kwenye pwani yake kulikuwa na Biblia ya Kiunguja na maandiko ya Kimvita, kila misheni ikishikilia lahaja yake kama ndiyo iliyoteremka kutoka mbinguni. Ilichukua miaka, na ubishi mwingi juu ya maneno, mpaka Biblia ya Muungano ikatoka mwaka 1952. Baadaye ikaja Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana kuitafsiri. Watu hao hawakusubiri kukubaliana juu ya Papa ndipo wakubaliane juu ya ngeli. Walikaa meza moja na kubishana juu ya neno moja moja.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Juni hii ijayo, siku chache kabla ya hija, majina yote 45 yasomwe kwa sauti katika makanisa yote mawili, Yozefu na Yusufu, Nowa na Nuwa, bila kuruka, na wasomaji wabadilishane: Mkatoliki asome kule, Mwanglikana asome huku. Kazi hiyo haihitaji kibali cha Roma wala cha Canterbury, na haichukui dakika kumi. Mwenzangu anayepinga na aandike katika kitabu kijacho, atueleze ni jina lipi kati ya hayo 45 lisilofaa kutamkwa katika kanisa lake.